Darasa Lisilotulia: Mwalimu wa Shule ya Msingi Aanzie Wapi

Ukifoka, watoto watanyamaza. Kesho utafoka kidogo zaidi, na kufikia mwisho wa wiki sauti yako itakuwa sehemu ya kelele za darasa. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza ukali, tafuta kwanza vurugu inaanza saa ngapi.

Chukua karatasi, ichore safu tatu: saa, darasa lilikuwa likifanya nini, kilichotokea. Ijaze kwa siku tano za masomo, kwa maneno mawili matatu tu kila tukio. Mara nyingi utaona kwamba fujo haikuenea kipindi kizima. Imejazana mahali pachache: watoto wanaporudi kutoka mapumziko, madaftari yanapogawiwa, somo moja linapoisha na jingine halijaanza, na pale waliomaliza zoezi mapema wanapowangoja wenzao. Hizo ni nyakati ambazo mtoto hana la kufanya, au hajui afanye nini. Zikizibwa, darasa hutulia kwa kiasi kikubwa kabla hujamwadhibu mtu yeyote.

Anza na kuingia darasani. Maswali mawili au matatu mepesi ya somo la jana yawe ubaoni kabla watoto hawajafika. Simama mlangoni, upande unaokuwezesha kuwaona wanaoingia na waliokwisha kuketi, na uwapokee kwa sauti ya chini. Dakika 5 zinatosha kwa maswali hayo. Madaftari yapange mapema kwa safu, mtoto mmoja wa kila safu ayapokee na kuyapitisha. Kwenye kona ya ubao andika kazi ya anayemaliza mapema, na iwe kazi ya maana. Akipewa tu maswali zaidi ya aina ileile, atajifunza kufanya polepole.

Taratibu hizi hufundishwa kama somo lolote. Eleza, onyesha, mwite mtoto mmoja aonyeshe, kisha wote wafanye. Wakikosea, waambie kilichokosewa na warudie palepale bila kukaripiwa. Watoto wa madarasa ya chini wanahitaji mazoezi ya kila siku kwa wiki mbili hivi, na tena baada ya kila likizo. Walimu wengi hutangaza sheria siku ya kwanza, wakazibandika ukutani, wakadhani kazi imekwisha. Sheria tatu hadi tano zinatosha, nazo ziseme kinachotakiwa: “Inua mkono kabla ya kusema” humfaa mtoto kuliko “Usipige kelele.”

Chagua ishara moja ya kunyamazisha darasa: mkono ulioinuliwa, au makofi ya mdundo fulani ambayo watoto huyajibu. Ishara hiyo hufa kwa njia moja tu: mwalimu anaitoa, watoto watano bado wanaongea, naye anaanza kufundisha. Darasa zima limeona kwamba si lazima kunyamaza. Ngoja. Watazame wale watano, usiseme neno, na uanze pale tu wote watakapokuwa kimya.

Maagizo nayo yawe mafupi, yasizidi matatu kwa mara moja: “Fungueni daftari. Andikeni tarehe. Fanyeni swali la 1 mpaka la 4, kimya, dakika 8.” Mwombe mtoto mmoja ayarudie. Halafu, na hili ndilo linalosahaulika sana, simama mahali pamoja kwa nusu dakika ukiliangalia darasa zima. Usimkimbilie wa kwanza kuinua mkono. Ukiinama kwenye dawati lake kabla wengine hawajaanza, umeligeuzia darasa mgongo katika dakika ambayo linakuhitaji zaidi.

Mtoto akianza kuchokoza, tumia hatua ndogo kuliko zote inayoweza kufaa. Msogelee huku ukiendelea kufundisha. Ikishindikana, gusa daftari lake kwa kidole. Ikishindikana tena, inama na umnong’oneze: “Swali la 2. Anza.” Kisha ondoka. Kuondoka huko ndiko kunakofanya kazi, kwa sababu ukibaki umemsimamia mbele ya wenzake, kutii kunakuwa kushindwa. Mpe kama sekunde 10 bila kumkodolea macho. Epuka swali la “Kwa nini unaongea?” Atadanganya, au atatoa jibu la kuwachekesha wenzake. Na anayefanya vizuri mwambie ni nini hasa amefanya: “Safu ya dirishani wameshaanza kuandika.” Sifa ya jumla haimfundishi mtu cha kurudia.

Kuadhibu darasa zima kwa kosa la wawili huwakasirisha waliotulia, na kesho hawatakuunga mkono. Fimbo hunyamazisha kwa saa moja bila kumfundisha mtoto afanye nini badala yake, tena huacha woga unaozuia hata kuuliza swali. Kuna mchezo uliochapishwa na watafiti wa Marekani mwaka 1969 ambao bado unafaa: gawa darasa makundi mawili, weka alama ubaoni kila kundi linapovunja sheria, na kundi lisilozidi idadi mliyokubaliana, tuseme alama 4, linashinda. Makundi yote yanaweza kushinda. Anza na dakika 10, zawadi iwe jambo dogo kama kutoka kwanza. Akitokea mtoto anayeliharibia kundi lake kwa makusudi, mfanye awe kundi la peke yake siku hiyo, maana wenzake wakianza kumchukia utakuwa na tatizo kubwa zaidi.

Baada ya yote haya huenda akabaki mtoto mmoja au wawili. Jiulize fujo yao inawapatia nini. Anayetolewa nje kila kipindi cha hesabu na bado anarudia, huenda anachotaka ni kuikwepa hesabu, nawe unamsaidia. Mpe kifungu cha darasa la chini asome peke yake na wewe, uone kama anaweza. Angalia anavyonakili ubaoni: anakunja macho? Anachungulia daftari la jirani? Anageuza sikio unapoongea? Pendekeza apimwe macho na masikio. Kama anatafuta kutazamwa, puuza vituko vidogo na umtazame mara tu anaposhika kalamu. Siku za mwanzo atazidisha vituko, na ukikata tamaa hapo utakuwa umemfundisha kuzidisha. Kupiga, kutukana na kutoroka darasani havipuuzwi: zuia mara moja, watenge, na maswali ya nani alianza yasubiri hasira zishuke.

Mzazi mwite kwanza ukiwa na habari njema, hata ndogo. Habari mbaya ikifika, iwe ni kitendo kinachohesabika: “Leo ameondoka kitini mara 6 wakati wa kusoma,” wala si “mwanao mkorofi.” Mnaweza kukubaliana juu ya kadi ya kila siku yenye malengo mawili tu, ikijazwa asubuhi, kabla ya mapumziko na mwisho wa siku. Mwombe mzazi asimwadhibu nyumbani kwa alama mbaya za kadi. Mtoto akichapwa kwa ajili ya kadi, ataipoteza njiani.