Kitabu kimoja cha maarifa, darasa zima

Nafundisha darasa la nne. Kwenye kabati letu vitabu vya hadithi vimejaa, vya maarifa vichache: cha maziwa na milima, vya wanyama, na atlasi kuukuu. Walimu wengi huvisoma vya maarifa kama hadithi, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, watoto wakisinzia. Mimi naanza na swali, kitabu kikiwa bado kimefungwa.

Andika ubaoni: "Victoria na Tanganyika, ziwa lipi lina kina kirefu zaidi?" Waache wabishane. Wengi watasema Victoria, maana ndilo kubwa kwenye ramani. Kisha mmoja atafute jibu kupitia Yaliyomo, mwingine kupitia faharasa ya nyuma, yaani orodha ya maneno kwa alfabeti na kurasa yanakopatikana. Faharasa ni ngeni kwa watoto wengi, kwa hiyo itengee kipindi kizima, hata kama ratiba inakubana.

Kwa kuwa nakala ni moja, nanakili ukurasa unaohitajika kwenye karatasi ya manila kwa herufi kubwa. Kama kitabu ni cha Kiingereza, nabandika maelezo ya Kiswahili chini ya kila picha. Picha nzuri haina haja ya kuachwa kabatini kwa sababu ya lugha.

Tukishapata takwimu tunatoka nje na kamba ya katani na rula. Sentimita 1 ni mita 10. Ziwa Victoria, lenye kina cha mita 80 hivi, linakuwa sentimita 8, kipande cha kushika kiganjani. Nyasa, mita 700 hivi, sentimita 70. Tanganyika, mita 1,470 hivi, inafika sentimita 147, na hapo watoto wanaanza kujipima nayo, wengi inawapita. Halafu Kilimanjaro, mita 5,895: karibu mita sita za kamba, tunailaza barazani. Baada ya hapo vitabu vinafunikwa na kila mtu anaandika sentensi tatu za kwake. Kitabu kikibaki wazi watanakili tu, hata aya wasiyoielewa.

Vitabu vya msaada vikaguliwe mwaka wa kuchapwa, nyuma ya ukurasa wa jina. Kilichochapwa kabla ya Julai 2011 kitasema Sudan ndiyo nchi kubwa kuliko zote Afrika. Tangu Sudan Kusini ipate uhuru, kubwa ni Algeria. Cha kabla ya 2006 kitahesabu sayari tisa, Pluto ikiwemo. Wengine huvitupa. Mimi nakiweka cha zamani kando ya kipya na kuuliza kwa nini havikubaliani. Mjadala huo huwa mrefu kuliko somo nililopanga, na sijawahi kuukatiza.

Wakati wa mapumziko kabati libaki wazi, na wanafunzi wawili washike daftari la kuazimisha. Kurasa zitachakaa, ndiyo. Nunua gundi.