Somo: Majuma sita ya kwanza baada ya kubadilishwa nyonga

Assalaam aleikum wanachama wote, wa hapa Mombasa na walio mbali.

Tangu niseme kwamba nimebadilishwa nyonga ya kulia, nimeletewa maswali mengi, na karibu yote yarudi palepale: maumivu yale ya mwanzo mtu huishi nayo vipi? Mimi si daktari. Ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Kibokoni, niliyelala chali majuma mengi wakati wa joto la Kaskazi nikajifunza kwa mwili wangu. Nayaandika kwa ajili ya anayesubiri zamu yake, na zaidi kwa ajili ya mtoto atakayemuuguza mzazi.

Nililolifahamu nikiwa nimechelewa ni hili: mateso yangu mengi yalitoka kwenye nyumba kuliko kwenye kidonda. Maisha yetu ya Pwani yako chini. Twala juu ya mkeka, twakuna nazi juu ya mbuzi, twaswali juu ya msala, choo ni cha kuchuchumaa, na kochi la wageni humeza mtu mpaka magoti yakakaribia kifua. Nyonga mpya haitaki chini.

Sababu yake ni hii. Daktari huondoa kichwa cha fupa la paja kilicholika, akatia shina la chuma ndani ya mfupa, juu yake tufe la chuma au kauri, na upande wa pili kikombe kipya cha kulipokea. Ili kufika huko lazima afungue nyama na misuli, na nyama hizohizo ndizo zinazolishika tufe lisichomoke. Mpaka zishikane vizuri, kukaa chini au kuinama sana ni hatari, na kunauma. Mimi nilipasuliwa kwa nyuma, na masharti yangu yalikuwa matatu: nisikunje nyonga kupita nyuzi 90, nisipandanishe miguu, nisigeuze ncha ya mguu kuelekea ndani. Aliyepasuliwa kwa mbele huenda akapewa masharti mengine, kwa hivyo muulize daktari wako alipitia wapi kabla hujaondoka wodini.

Hatua ya 1: Inua nyumba kabla ya kwenda hospitali

Hii ifanywe mapema, si siku ya kurudi. Tafuta kiti kimoja kigumu chenye mikono, ambacho ukikaa magoti yanabaki chini kidogo ya nyonga. Kikiwa kifupi, fundi seremala akiongeze miguu. Mito laini haitoshi, hudidimia. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai kabisa. Samadari la kizamani ni zuri kwa urefu wake, mradi ukikaa ukingoni nyayo zigote sakafuni.

Choo ndicho kilichonitoa machozi. Choo cha kuchuchumaa hakitumiki katika majuma haya, hata kwa kushikiliwa. Kuna viti vya choo vya fremu ya chuma vyenye ndoo chini, huuzwa katika maduka ya vifaa vya wagonjwa, na aghalabu mtu hupata cha kuazima kwa jirani aliyewahi kuuguza. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati nakukataza: miguu yake hutelezea kwenye sakafu yenye maji, na kuanguka sasa ni balaa.

Kisha ondoa mikeka na vizulia njiani, weka taa ya usiku karibu, na upime vizingiti. Nyumba zetu za Mji wa Kale zina vizingiti virefu. Buibui na dera zikatwe au zipandishwe zisiburure. Ndara ziwekwe kando, vaa kiatu kinachoshika kisigino na kisichotaka kuinamiwa.

Hatua ya 2: Dawa huliwa kwa saa

Sisi tumelelewa kuambiwa "vumilia". Nilivumilia siku ya tatu, ganzi ya mgongoni ikiwa imeisha zamani, na nilipoitaka dawa maumivu yalikuwa yameshapanda juu mno. Ilichukua usiku mzima kuyateremsha. Toka hapo mwanangu aliandika saa kwenye karatasi akaibandika ukutani.

Parasetamoli ndiyo msingi kwa wengi: kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24 (mwenye ini bovu au mwili mdogo aulize kwanza). Zile kali, kama tramadoli, ni za siku za mwanzo na hupunguzwa kidogokidogo. Kula dawa nusu saa kabla ya mazoezi.

Naomba hili lishikwe: usiende duka la dawa ukajiongezea dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni. Karibu kila aliyebadilishwa nyonga hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa mwezi mmoja au siku 35. Ukichanganya hizo mbili bila daktari kujua, tumbo laweza kutoa damu. Dawa ya damu nayo usiikatize kwa kuwa "huumwi tena". Haikutolewa kwa ajili ya maumivu.

Hatua ya 3: Barafu, na kulala mguu juu

Mguu utavimba, na uvimbe ndio unaoleta ile hali ya kukazwa na kupwita jioni. Barafu dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, daima ikiwa imefungwa ndani ya leso, isiguse ngozi wala kulowesha bandeji. Mfuko wa mbaazi zilizogandishwa hukaa vizuri kuliko chupa, kwa sababu hufuata umbo la paja. Mara mbili kwa siku lala chali, mguu juu ya mito, kisha cheza na kifundo: vidole juu, vidole chini, mara 10 au 20. Huko ndiko kuisukuma damu.

Ukiwa umepewa soksi za kubana, zivae asubuhi kabla hujatia mguu chini. Kwa joto letu zinachosha; osha miguu, ikauke, uzirudishe.

Hatua ya 4: Tembea kidogo, mara nyingi

Siku ya upasuaji yenyewe au kesho yake utasimamishwa. Nyumbani, kila saa moja ya mchana inuka uende mpaka mlangoni na kurudi. Kukaa kitini kusizidi nusu saa au zaidi kidogo. Kipimo changu kilikuwa hiki: maumivu yakipanda baada ya matembezi na yakashuka kwa mapumziko na barafu, ni sawa. Yakiwa bado yako juu kesho yake asubuhi, siku hiyo tembea nusu.

Ngazini, mguu mzima (usiopasuliwa) hutangulia kupanda, wa upasuaji hutangulia kushuka. Ukihamia mkongojo mmoja, ushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Kuupandisha mguu kitandani kunja leso iwe kama mkanda, ipitishe chini ya unyayo, vuta ncha zake mbili. Leso ilinisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Hatua ya 5: Usiku na tumbo

Usiku ni mrefu, nisiwafiche. Lala chali, mto kati ya miguu. Dawa ya mwisho iwe karibu na kulala. Kulia bila sababu juma la pili kulinishangaza, na kulipita.

Tramadoli na kulala sana hufunga choo, na kujikamua kunaumiza nyonga. Kunywa maji, kula papai, mboga za majani, kunde, na uitishe dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Usingoje siku ya tano kama mimi.

Usisubiri kesho ukiona haya: shavu la mguu kuuma na kuwa gumu au moto, pumzi kukatika ghafla au kifua kuchoma, kidonda kutoa usaha, au kuzidi wekundu na maji, homa ya nyuzi 38 na zaidi, au maumivu makali ya ghafla, mguu ukaonekana mfupi au umepinduka na huwezi kuukanyagia. Hayo ni ya hospitali saa ileile, hata ikiwa ni usiku wa manane.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Kisauni: Mama ana siku ya sita. Paja limekuwa jeusi na zambarau mpaka gotini. Jirani yetu ni hodari wa kukanda, ataka kumkanda kwa maji moto na mafuta. Tumruhusu?

Jibu: Hapana, dadangu, na mkatalie kwa upole kwa maana nia yake ni njema. Weusi ule ni damu iliyovilia ndani, nayo huteremka kwa uzito wake. Huenda ukaiona hata kifundoni kabla haijayeyuka. Kukanda shavu la mguu kwaweza kung'oa donge la damu likasafiri mpaka mapafuni. Maji moto huzidisha uvimbe siku hizi za mwanzo, na mafuta karibu na kidonda huleta uchafu. Hata habasoda ingoje. Nyuzi za kidonda hutolewa kati ya siku ya 10 na 14, na baada ya kovu kufunga kabisa mwulize mtaalamu wa viungo akuoneshe namna ya kulisinga. Jirani mpe kazi nyingine: ampikie mama uji, ashike mkono wake akitembea.

Ami wa Likoni: Kliniki yangu iko kisiwani. Tuktuk nitaweza?

Jibu: Ami, kiti chake kiko chini na mitikisiko yake itakusumbua. Tafuta gari dogo. Kiti cha mbele kisukumwe nyuma kabisa na kilazwe kidogo, mto mgumu juu yake. Geuza mgongo, kaa kwanza, halafu ingiza miguu yote miwili pamoja. Panga kuvuka feri baada ya msongamano wa asubuhi, usijitie kwenye mteremko wa gati na magongo watu wakikimbilia kazini.

Kijana wa Changamwe: Babangu ahisi mguu mmoja umekuwa mrefu. Wamekosea?

Jibu: Wengi wetu huhisi hivyo majuma ya mwanzo. Misuli imekaza na nyonga imeinama upande, basi mguu huonekana mrefu. Aghalabu hutulia kadiri anavyotembea. Asijitilie soli ya kuinua kiatu kabla daktari hajampima.

Mwanachama wa Majengo: Na swala? Na Ramadhani ikiingia?

Jibu: Uswali juu ya kiti, rukuu na sijida kwa ishara, Mtume (s.a.w.) alimruhusu mgonjwa aswali amekaa, na akishindwa, kwa ubavu. Miguu ya udhu nilioshwa na mwanangu. Kufunga, mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku nyingine. Usizisogeze saa za dawa bila kuongea na daktari wako.

Mwanachama (ameomba asitajwe mtaa): Unyumba je?

Jibu: Wengi huruhusiwa baada ya majuma sita, kwa mkao usiovunja yale masharti matatu. Muulize daktari bila haya. Ameshaulizwa mara nyingi.

Shangazi wa Old Town: Mwalimu, lini nitakaa tena juu ya mbuzi nikune nazi yangu?

Jibu: Shangazi, mimi ni mwezi wa saba na bado sijakaa. Daktari wangu alisema kiti kifupi vile ndicho cha mwisho kurudiwa, na kwa wengine hakirudiwi. Nazi yangu huletwa ya kukunwa kwa mashine kutoka sokoni. Naichuja nikiwa nimesimama mezani, mkongojo umeegemea ukuta.