Namna ya Kuandika Insha ya Ustahimilivu katika "Mzee na Bahari"

Kazi yangu ni kusahihisha insha, na za riwaya fupi hii ya Ernest Hemingway nazitambua kabla sijageuza ukurasa. Nyingi hufungua na kauli ileile: binadamu anaweza kuangamizwa lakini hawezi kushindwa. Kauli imo kitabuni, sina ugomvi nayo. Ila ukiitanguliza, umeshamaliza insha kabla hujaianza; kilichobaki ni kuizungusha kwa maneno mengine hadi karatasi ijae. Iweke kando kwanza. Nitakuonyesha pa kuiweka.

Wasifu wa mwandishi upe sentensi moja, tena fupi: kitabu kilitoka mwaka 1952, kikapata Tuzo ya Pulitzer 1953, na mwaka uliofuata Hemingway akapewa Nobel ya Fasihi. Basi. Swali la insha ni ustahimilivu wa Santiago, mvuvi mzee wa Cuba aliyekaa siku 84 bila kupata samaki; halihusu safari za mwandishi.

Sasa fungua pale Santiago anapotega, alfajiri ya siku ya 85. Chambo kimoja kiko pima 40 chini, cha pili 75, cha tatu na cha nne 100 na 125. Mishipi yake imenyooka kuliko ya mvuvi mwingine yeyote. Wenzake huiacha ichukuliwe na mkondo, wakidhani chambo kiko pima 100 kumbe kiko 60. Mzee anakiri kwamba bahati ni kitu kizuri, lakini yeye anapendelea kuwa makini, ili bahati ikija imkute tayari. Na yule samaki mkubwa, nduaro, anakuja kula chambo cha pima 100, palepale kilipowekwa.

Hapo ndipo aya yako ya kwanza inapotoka. Mtu aliyekata tamaa si lazima abaki kitandani. Anaweza kuendelea kwenda baharini kila siku, ila anaanza kulipua kazi: chambo kimechakaa, mshipi umepinda, na yeye anasema liwalo na liwe. Baada ya siku 84 za kurudi mikono mitupu, Santiago bado anapima kina. Ukiandika hivyo umethibitisha ustahimilivu bila hata kulitaja neno lenyewe, na msahihishaji anakaa wima kitini.

Kuna jambo dogo linalopitwa na karibu kila msomaji. Kijana Manolin, aliyeondolewa na wazazi wake kwenye chombo cha mzee baada ya siku 40 za ukame, anamkumbusha kwamba kuna wakati alikaa siku 87 bila samaki, kisha wakavua wakubwa kila siku kwa wiki tatu. Kwa hiyo 84 haijavunja rekodi. Mzee amewahi kupita njia hii, na hilo linabadilisha hoja: imani yake ina historia nyuma yake. Tumia jambo hili, wenzako wengi hawatalitumia.

Ukifika kwenye mapambano yenyewe, usiyasimulie yote. Mzee anavutwa tangu adhuhuri ya siku moja, usiku kucha, mchana kutwa, usiku tena, hadi anapomuua samaki siku ya tatu. Ukijaribu kubeba vyote utaishia kuandika "aliteseka sana lakini hakukata tamaa", sentensi ninayoipigia mstari mwekundu mara moja. Chagua tukio moja ulikazie macho. Mimi ningechagua mkono wa kushoto.

Mkono huo unakakamaa, unajikunja kama ukucha wa ndege, wakati mshipi uko mgongoni na samaki bado anavuta. Santiago anakasirika nao, anauita msaliti. Kisha anafanya nini? Anamkata jodari aliyemvua siku iliyotangulia, anatafuna vipande vibichi kimoja kimoja, bila chumvi wala ndimu, na kati ya vipande anauuliza mkono unajisikiaje. Anakula kwa ajili yake. Linganisha uandishi wa aina mbili:

Wa kwanza: "Santiago ni mstahimilivu kwa sababu alivumilia maumivu ya mkono."

Wa pili: "Mkono unapogoma, Santiago haulazimishi kufunguka. Anaulisha na kuusubiri. Ustahimilivu wake una subira ndani yake. Anajua ni kipi cha kupigana nacho na ni kipi cha kungojea."

Wa pili una hoja. Mtu anaweza hata kuupinga, na hiyo ndiyo dalili ya hoja. Mashindano ya kuangushana mikono kule Casablanca ya Cuba na yule mtu wa mji wa Cienfuegos, au mfupa wa kisigino cha DiMaggio, mchezaji wa besiboli ambaye mzee anamhusudu, vinaweza kukusaidia, lakini chukua kimoja tu. Nimechoka kusoma insha zilizogeuka orodha ya vitu.

Papa wanakuja baada ya ushindi, na hapa andika kwa mpangilio wa silaha, kwa sababu Hemingway mwenyewe kazipanga. Papa wa kwanza anakufa, lakini anazama na chusa pamoja na kamba yake. Mzee anafunga kisu kwenye kasia, kisu kinavunjika. Anashika rungu, nalo linanyakuliwa gizani. Anang'oa kana ya usukani na kupiga nayo hadi inavunjika, kisha anachoma kwa kipande kilichobaki. Kila silaha ni duni kuliko iliyotangulia, na samaki anazidi kupungua. Mzee aliwahi kumkadiria ratili zaidi ya 1,500, akawa anapiga hesabu ya senti 30 kwa ratili. Sasa hakuna cha kuuza, na bado anapiga.

Hapa ndipo pa ile kauli maarufu. Anaisema baada ya papa wa kwanza, angali na silaha nyingine. Na tafadhali, soma kinachofuata: mara tu baada ya kuitamka, anawaza kwamba anasikitika kumuua yule nduaro. Anayenukuu kauli na kuyaacha majuto yaliyo ubavuni mwake amenukuu nusu ya Santiago.

Majuto hayo yakupeleke kwenye aya ambayo wengi wanaikwepa, yaani gharama. Mzee anamwomba samaki radhi kwa kwenda mbali kupita kiasi, anasema amewaangamiza wote wawili. Anapojiuliza ni nini kilichomshinda, jibu lake ni kwamba hakuna, ila alikwenda mbali mno. Je, azma ileile iliyompa samaki ndiyo iliyompoteza? Mimi naona ndiyo, na naona kitabu hakijaribu kuficha. Unaweza kubisha, mradi ubishe kwa ushahidi. Anayeandika kwamba mzee alishinda tu, nukta, amesoma kwa haraka. Anayemwita mkaidi tu naye hakuona ile mishipi ya alfajiri.

Kwa hitimisho, watu hukimbilia mlingoti: Santiago anaupandisha mlimani begani, anaanguka, na anaketi mara tano kabla ya kufika kibandani. Ni picha yenye nguvu, lakini imetumika mno. Nenda kurasa chache mbele, asubuhi yake, mzee akiwa na mikono iliyochanika na Manolin akisema watavua pamoja tena. Santiago anaanza kuzungumzia mkuki mpya wa kuulia samaki. Bapa lake litatokana na springi ya gari kuukuu la Ford, watalinoa mjini Guanabacoa, liwe kali lakini lisivunjike, maana kisu chake kilivunjika. Eleza mpango huo kwa sentensi tatu au nne, uufungamanishe na vina vya chambo vya aya yako ya kwanza, kisha weka kalamu chini.