Kumtunza mtoto mwenye sindromu ya Rothmund-Thomson

Sindromu hii ni ugonjwa adimu wa kurithi unaoathiri ngozi, mifupa na macho. Upele wake huanzia mashavuni, kwa kawaida mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6: ngozi huwa nyekundu, huvimba, pengine hutoa malengelenge. Kisha hufika mikononi na miguuni, huku kifua na mgongo vikisalimika mara nyingi. Baadaye hubaki mabaka meupe na meusi juu ya ngozi iliyokonda. Upele huo ukiandamana na nywele na nyusi haba, kimo kifupi au kukosekana kwa dole gumba, omba kipimo cha jeni. Kasoro kwenye jeni ya RECQL4 huja na hatari kubwa ya saratani ya mfupa; kwenye jeni ya ANAPC1, huja mtoto wa jicho (ukungu ndani ya jicho).

Jua ndilo la kushughulikia kila siku. Anza na nguo: mikono mirefu, kofia yenye ukingo pande zote, kitambaa kizito. Kiinue kwenye mwanga, ukipenya, hakifai. Losheni ya kukinga jua iwe SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, yenye kukinga UVA na UVB, aina mbili za miale ya jua inayodhuru ngozi, ipakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka na kurudiwa kila saa 2, au mara baada ya kuogelea. Wengi hupaka kidogo mno. Chini ya miezi 6, tegemea kivuli na nguo. Kwa kuwa jua ndilo linalotupatia vitamini D, na mifupa ya watoto hawa huwa dhaifu, pimeni kiwango chake kwenye damu. Kidonda kisichopona kionwe na daktari wa ngozi.

Mifupa yote ipigwe eksirei kabla ya miaka 5, hata kama mtoto haumwi popote. Wengi huzaliwa na mifupa yenye maumbo yasiyo ya kawaida, na bila picha ya awali daktari hatajua baadaye kipi ni cha kuzaliwa na kipi ni uvimbe mpya. Baada ya hapo, kinachoongoza ni dalili: maumivu ya mahali pamoja, hasa karibu na goti, yanayomwamsha usiku, uvimbe, kuchechemea, mfupa kuvunjika kwa pigo dogo. Tafadhali usikubali kuambiwa ni maumivu ya kukua tu. Hayo kwa kawaida huwa ya miguu yote miwili na asubuhi yameisha. Dai picha wiki hiyohiyo. Ikibidi tiba ya kemikali, wataalamu wajue ugonjwa huu kabla ya kupanga dozi, maana baadhi ya wagonjwa hudhurika zaidi na dawa hizo.

Macho yapimwe kila mwaka, lakini usiishie hapo: mtoto wa jicho anaweza kutanda ndani ya wiki chache. Mboni ikionekana nyeupe au mtoto akianza kujikwaa, mpeleke mapema. Upasuaji ukicheleweshwa kwa mtoto mdogo, ubongo huzoea kutolitumia jicho hilo.

Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani wana jeni moja yenye kasoro bila wao kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa huu. Ongeeni na mshauri wa jenetiki kabla ya mimba inayofuata.