Feni kwanza, taa baadaye: kupanga hewa na mwanga kwenye hema dogo la mimea

Watu wakitaka kuotesha mimea kwenye hema la ndani ya nyumba, swali lao la kwanza huwa ni taa: wati ngapi, rangi gani, itundikwe wapi. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, na kwa mtu wa kazi yangu swali la kwanza ni jingine: joto litatoka nje kupitia wapi?

Hema ni kisanduku cha kitambaa kilichofungwa kwa zipu. Ukiwasha taa ya wati 100 humo ndani, umewasha hita ya wati 100. LED hutoa mwanga mwingi kuliko taa za zamani kwa umeme uleule, hilo ni kweli, lakini mwanga wenyewe ukishagonga majani, kuta na udongo hugeuka kuwa joto. Kiasi ambacho mmea hukiweka akiba kama chakula ni kidogo mno, wala hakiingii kwenye hesabu. Ndiyo maana nasema ukubwa wa taa unaamuliwa na hewa unayoweza kuitoa. Piga hesabu ya feni kabla hujalipia taa.

Nitatumia hema langu kama mfano: upana sentimita 80 kwa 80, kimo 160. Ndani naotesha saladi na rihani, na kwa majira naweka miche ya nyanya na hoho kabla haijahamia shambani.

Hesabu ya feni

Ujazo wa hema hilo ni 0.8 × 0.8 × 1.6, karibu mita moja ya ujazo. Kanuni inayorudiwa kila mahali ni kubadilisha hewa yote mara moja kwa dakika, yaani mita za ujazo 60 kwa saa. Si kanuni mbaya, ila haijali umefunga taa gani. Hesabu ninayoitegemea ni hii: jumlisha wati zote zinazowaka ndani, zidisha kwa 3, kisha gawanya kwa nyuzijoto unazokubali hema lizidi chumba. Jibu ni mita za ujazo kwa saa. Hiyo 3 inatokana na uwezo wa hewa wa kubeba joto, na inatosha kwa kazi yetu.

Kwa taa ya wati 100, ukikubali hema lizidi chumba kwa nyuzi 3, unahitaji mita za ujazo 100 kwa saa. Ukitaka lizidi kwa nyuzi 2 tu, ni 150. Mimea nayo hupoza hewa kidogo inapotoa mvuke, kwa hiyo hapo una akiba.

Ona pia jambo ambalo hesabu hiyo inalisema bila kulitamka. Feni haipozi. Kazi yake ni kuleta hewa ya chumba, basi. Chumba kikiwa na nyuzi 30, hakuna feni itakayolishusha hema hadi 26, hata uweke kubwa namna gani. Palipo na joto, dawa rahisi ni kuwasha taa usiku na kuizima mchana. Mmea hauna saa ya ukutani, shida yake ni mwanga na giza vifuatane kwa utaratibu.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni imepimwa feni ikiwa peke yake, haijaunganishwa na kitu. Ukishaweka bomba, kona na chujio, usishangae ukibaki na nusu. Feni ya bomba la milimita 100 huandikwa takriban mita za ujazo 170 hadi 200 kwa saa, na kwa hema la ukubwa huu hiyo inatosha. Chagua yenye kirekebisha kasi. Feni kubwa kidogo inayokwenda polepole ina kelele ndogo kuliko feni ndogo inayokimbia muda wote, na ukilala chumba cha pili utanishukuru.

Kuifunga

Feni ya kutoa hewa hukaa juu kabisa, kwa sababu hewa moto hupanda. Itundike kwa mikanda ya mpira ili mtikisiko usiingie kwenye fito za hema. Bomba liwe fupi na lenye kona chache. Bomba laini la alumini huuzwa likiwa limejikunja. Livute mpaka mikunjo iishe, kisha kata ziada. Nimeona mabomba yaliyoachwa yakining'inia kama matumbo ya mbuzi nyuma ya hema, na mwenye nayo analalamika kwamba feni ni dhaifu. Feni haina kosa. Maungio yabane kwa vibano vya chuma na umalizie kwa utepe wa alumini, maana utepe wa kitambaa hukauka na kubanduka.

Chujio la mkaa huuzwa pamoja na feni kana kwamba ni lazima. Kazi yake ni kuondoa harufu. Harufu ya rihani hainikeri, kwa hiyo sijaliweka, na feni yangu inapumua vizuri zaidi.

Hewa safi iingie chini, upande ulio mkabala na feni, ili ipite katikati ya mimea kabla ya kutoka. Kwa hema dogo huhitaji feni ya pili ya kuingizia: fungua vidirisha vya chini, feni ya juu itavuta yenyewe. Kosa la kawaida ni tundu la kuingizia kuwa dogo. Bomba la milimita 100 lina uwazi wa karibu sentimita 79 za mraba, basi fungua angalau mara mbili ya hapo, na zaidi ukiweka wavu mwembamba wa kuzuia wadudu wadogo kama vithiripi na inzi weupe, kwa kuwa wavu nao hubana hewa. Kuta zenyewe zitakupa jibu. Zikiingia ndani kidogo, ni sawa. Zikivutwa hadi kugusa majani, ongeza uwazi wa chini. Zikitoka nje kama tumbo lililoshiba, feni imefungwa kinyume: angalia mshale kwenye mwili wake.

Halafu fuata bomba hadi mwisho wake. Likimwaga hewa kwenye chumba kilekile kilichofungwa, umekifanya chumba kuwa hema kubwa zaidi. Baada ya saa chache joto lote linarudi kupitia vidirisha vya chini. Litoe dirishani, au kwenye ukumbi, au walau acha mlango wazi.

Kuna wanaouliza kuhusu mitungi ya kaboni dioksidi. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa milioni, na ukiwa unaibadilisha muda wote mimea yako haitapungukiwa. Mtungi wa gesi hiyo ndani ya nyumba wanamolala watu siushauri hata kidogo.

Feni ndogo ya ndani

Hii ni tofauti na ile ya juu, na moja haifanyi kazi ya nyingine. Ya juu hutoa hewa nje ya hema. Hii huizungusha mule ndani. Feni ya kubana kwenye fito, yenye kipenyo cha sentimita 15 hivi, inatosha. Ielekeze juu kidogo ya majani, katikati ya mimea na taa. Majani yatikisike, yasiinamishwe.

Saladi ndiyo inayoonyesha umuhimu wake. Kingo za majani machanga ya katikati huwa kahawia kama zimeunguzwa, na mkulima anakimbilia kuongeza mbolea ya kalisi (kalsiamu). Ni kweli kwamba jani hilo limekosa kalisi, lakini mara nyingi kalisi ipo tele kwenye udongo. Kinachokosekana ni usafiri. Kalisi hupanda pamoja na maji, na maji hupandishwa na jani linapotoa mvuke. Majani ya katikati yamejikunja, hewa inayoyazunguka imetulia na imejaa unyevu, hayatoi mvuke, basi maji yote na kalisi yake huelekea kwenye majani makubwa ya nje. Geuza feni ipulize kutoka juu kuelekea moyo wa saladi, na mwanga ukiwa mkali upunguze kidogo. Majani mapya yatatoka mazima. Yaliyokwisha kuungua hayaponi.

Saa ya kwanza ya giza

Kama ningeruhusiwa kukagua jambo moja tu kwenye hema la mtu, ningekuja dakika taa inapozimika.

Mimea hurudisha hewani karibu maji yote unayoipa. Taa ikiwaka huipasha hewa joto, na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi bila kulowana. Taa ikizimika joto hushuka ghafla, lakini mvuke bado upo. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa umande ikifika nyuzi 19 hivi. Umande huo hukaa juu ya majani muda wote wa giza, na hapo ndipo ukungu wa kijivu unapopata makao. Miche nayo huanguka kwa kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina karibu na udongo, pale udongo unapobaki umelowa na hewa imetulia.

Sasa fikiria mtu aliyeiunganisha feni kwenye taimu moja na taa ili aokoe umeme. Feni yake inazimika dakika ileile inapohitajika zaidi. Taa iwe na taimu. Feni zote mbili zisiwe nayo. Wakati wa giza ile ya juu punguza kasi, usiizime. Na mwagilia taa inapowaka, si inapokaribia kuzimika, ili maji ya ziada yapate muda wa kukauka. Unyevu wa kulenga ni asilimia 50 hadi 70, miche ikiwa karibu na 70, na joto la nyuzi 20 hadi 27 wakati wa mwanga.

Taa

Puuza maneno makubwa ya kwenye boksi, eti taa hii ni sawa na wati 1000. Tafuta wati inazovuta kwenye soketi, na mikromoli za mwanga (kipimo cha kuhesabu chembe za mwanga) inazotoa kwa kila juli ya umeme; wati moja ni juli moja kwa sekunde. Taa nzuri ya siku hizi hutoa karibu 2.5 au zaidi. Isiyoandika namba hiyo, mimi huiacha dukani.

Mwanga wa mimea hupimwa kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Miche michanga huridhika na 100 hadi 200, saladi na rihani 200 hadi 300, nyanya ya kuzaa matunda hutaka 400 na zaidi. Muda nao unahesabika: zidisha mikromoli kwa saa za mwanga, kisha kwa 0.0036, upate moli za siku nzima. Mikromoli 250 kwa saa 16 ni moli 14.4, kiwango kizuri kwa saladi. Nyanya huhitaji 20 hadi 30.

Tuirudishe kwenye hema. Eneo lake ni mita za mraba 0.64. Kwa 250 unahitaji mikromoli 160 kwa sekunde, ambazo taa ya 2.5 huzitoa kwa wati 64. Ongeza kinachopotea kwenye kuta, unafika 80. Taa ya wati 100 iliyopunguzwa kidogo inatosha. Ukitaka nyanya zizae humo, hesabu ileile inakupeleka kama wati 130, na hapo rudi kwenye feni kabla ya kitu kingine.

Huna kipimo? Simu yenye programu ya kupima lux, yaani mwanga kama jicho linavyouona, inasaidia, ukifunika kihisi chake kwa kipande cha karatasi nyeupe. Kwa LED nyeupe gawanya lux kwa 70: lux 17,500 ni karibu 250. Ni makadirio tu. Faida yake kubwa ni kulinganisha katikati na kona, ambako mwanga hupungua. Ndiyo sababu vyungu navihamisha kwa zamu.

Taa ya paneli itundike sentimita 30 hadi 45 juu ya majani. Kwa miche napendelea kupunguza nguvu kuliko kuipandisha juu, kwani hupunguza joto na umeme pia. Miche ikirefuka kama uzi na kupauka, mwanga ni hafifu. Majani ya juu yakiwa meupe huku ya chini ni kijani, mwanga umezidi. Chagua mwanga mweupe. Taa za zambarau huotesha mimea, lakini chini yake huwezi kutofautisha jani la njano na la kijani, sembuse kuona utitiri.

Saa 16 zafaa kwa saladi na rihani. Spinachi na giligilani hukimbilia kutoa maua siku zikiwa ndefu, hizo nazipa 12. Nyanya usiinyime giza: ikiwashiwa taa saa 24 majani yake huwa na manjano na kudhoofika.

Umeme na jaribio

Draiva ya taa, yaani kifaa kinachobadili umeme wa soketi uifae LED, iweke nje ya hema ikiwa waya unaruhusu. Karibu sehemu ya kumi ya wati hubaki nje nayo. Soketi zipandishe kutoka sakafuni, na kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lidondoke badala ya kuufuata. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja ni ya lazima mahali penye maji, na kama nyumba haina, mwite fundi umeme kwanza.

Kabla ya kuingiza mmea wowote, washa kila kitu kwa mzunguko mzima wa mwanga na giza. Kipimajoto chenye kupima na unyevu kiweke kwenye kimo cha majani, ukikikinga na mwanga wa moja kwa moja, la sivyo utapima joto la plastiki yake. Cha pili kiweke chumbani. Tofauti ikizidi ile uliyoipigia hesabu, nyoosha bomba, kisha ongeza uwazi wa chini, kisha kasi ya feni. Ikigoma baada ya hapo, punguza taa.