Kumtafuta babu aliyekuwa na shamba Pwani ya Kenya enzi za mkoloni

Anza na wazee walio hai, kabla hujagusa faili yoyote. Warekodi kwa simu, uliza jina lote, bin nani, na shamba lilipakana na la nani, hilo la majirani usilisahau kabisa. Alafu ingia Gazeti Rasmi la serikali (Kenya Gazette), lipo tangu 1899 na matoleo mengi ya zamani yako mtandaoni, coz sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka wenye ardhi Pwani wapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, kwa hiyo jina likikosekana haimaanishi hakuwa na shamba.

Tafuta kila spelingi! Mimi nilihangaika wiki nzima na Athumani, kumbe karani aliandika Othman, nikamjua kwa jirani yake tu, mnazi kwa mnazi.

Mirathi na wakfu ulizia kwa kadhi, faili zingine ziko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Na utumwa ulifutwa kisheria 1907, wenye watumwa wakalipwa fidia, basi ukikuta majina ya waliolima lile shamba, tafadhali nayo yaandike, wajukuu wao pia wanatafuta.