Somo: Kuugawa waya wa nyuma wa mlingoti uwe na miguu miwili

Mashua yangu ni ya futi 23, nanga yake iko Kilifi. Mlingoti unashikwa na waya wa mbele, unaokwenda omo, na waya wa nyuma, unaokwenda tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua. Kusi likikaza, waya wa mbele ulikuwa unabonyea kama kamba ya kuanikia nguo, tanga la mbele linatunga tumbo, mashua inalala ubavu na kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kupindapinda, kunakuwa taabu tupu. Waya wa nyuma ukikazwa, wa mbele nao unanyooka. Dawa yake basi ni kuweza kuukaza waya wa nyuma mkiwa safarini, bila spana: unaugawa chini uwe miguu miwili, kisha unaibana miguu hiyo kwa kamba na kapi.

Shikeni hili kwanza: kapi hizi ni za kukazia, si za kusimamishia mlingoti. Kamba yake ikikatika usiku, mlingoti lazima ubaki wima.

Hatua ya 1. Subiri asubuhi ya shwari. Vuta jarari (kamba ya kupandishia tanga) ya tanga kuu hadi tezi, ifunge kwenye chuma kilichopigwa bolti, ikaze, kisha ongeza kamba ya pili. Mimi mara ya kwanza niliitegemea jarari peke yake. Nilipochomoa pini ya waya wa nyuma, kamba iliteleza na ncha ya mlingoti ikaenda mbele karibu shubiri nzima. Nilibaki nimeshikilia waya kwa mikono miwili, natetemeka. Tangu siku hiyo ni kamba mbili, na kila fundo nalipapasa mwenyewe.

Hatua ya 2. Pitisha kitambaa cha pamba kwenye waya, polepole. Kikinasa, kuna uzi uliokatika. Ukiona kutu ya rangi ya chai pale waya unapoingia kwenye kichwa chake, badilisha wote.

Hatua ya 3. Pima kabla ya kukata. Tezi yangu ina upana wa mita 1.6, na kiungio, pale waya unapogawanyika, nimekiweka mita 3 juu ya sitaha. Kila mguu unapata pembe ya nyuzi 15 hivi, na unabeba nusu ya mzigo na kidogo juu yake. Ukikishusha sana kiungio, miguu inatanuka na mzigo wa kila mmoja unaongezeka. Hapo juu funga bamba la stenlesi la pembetatu lenye matundu matatu. Chini, kwenye pembe za tezi, piga bolti zinazopenya hadi ndani, na ndani weka bamba jingine. Skrubu za mbao zitang'oka.

Hatua ya 4. Kipande chenye roda mbili, yaani magurudumu madogo, kinapanda juu ya miguu yote miwili. Ukikivuta chini kinaibana pamoja, na waya unafupika. Kwa vipimo vyangu, kushuka mita 1 kunafupisha kama sentimita 5. Kukivuta, kapi za mvuto wa nne kwa moja, zinazozidisha nguvu ya mkono mara nne, zinatosha; kamba yangu ni ya milimita 6.

Hatua ya 5. Legeza kapi kabisa, ndipo ukaze skrubu za kukazia waya zilizo chini ya miguu mpaka mlingoti usimame imara wenyewe. Usiruke hatua hii. Malizia kwa kufunga pini zote.

MASWALI

Kutoka Tanga: Kaka, waya wangu wa mbele haufiki nchani, unaishia chini kidogo. Ni sawa?

Jibu: Ni sawa, ila kwako mlingoti wenyewe utapinda na tanga kuu litakuwa bapa. Vuta kidogo kidogo, huku mwenzio akiutazama mlingoti kwa ubavuni.

Kutoka Lamu: Majahazi yetu hayana waya wa nyuma na milingoti haianguki. Nyie mnahangaika na nini?

Jibu: Kweli, mzee wangu. Kwenu jarari ni nene na inafungwa kwa nyuma, kwa hiyo inapandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, na papo hapo inaushika mlingoti. Tena mlingoti wenu ni gogo. Wetu ni bomba la alumini, bila waya haujiwezi.

Kutoka Mtwapa: Nitajuaje nimevuta vya kutosha?

Jibu: Dada, chuchumaa mbele, angalia waya wa mbele kutoka chini kwenda juu mashua ikiwa inabisha. Ukinyooka, acha hapo, na ufunge utepe mwekundu kwenye kamba. Upepo ukija wa nyuma, legeza. Ukitia nanga, legeza.